Karatasi za Wapangaji

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye cherehani, kitambaa cha watu nimekisogeza pembeni, kwa hiyo ukikuta uzi umenata kwenye karatasi usishangae. Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako, magoti yake sasa yanatabiri mvua kuliko redio, na yakikosea anasema mawingu ndiyo yaliyokosea. Baba watoto bado anaziba pancha na bado anaamini kila tairi la mtaa huu lina kinyongo naye. Watoto wanakusalimia, mdogo ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kutaka.

Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka uanze. Inaita wee, mwisho anapokea binti yako: "Baba yuko nje." Mjomba, huko nje kuna nini siku zote hizo? Basi nimenunua bahasha kama watu wa zamani. Fundi viatu aliponiona naingia posta akaniuliza nani amefariki.

Nina jambo. Ni Baraza.

Uliponiachia uenyekiti mwaka juzi, Alhamisi yako ya mwisho tulikuwa watu sitini na kitu ukumbini, wengine wamesimama mlangoni. Alhamisi iliyopita tulikuwa ishirini na wawili, na wanne kati yao walikuja kukimbia jua. Nilijua watu wangepungua, maana mimi si wewe. Wewe ulikuwa ukikohoa tu, watu wanakaa. Lakini hii si kupungua, ni kukatika.

Ilianza hivi. Wapangaji wa vyumba vya nyuma, ng'ambo ya mtaro, ambao zamani zako walikuwa wakija wawili watatu, walianza kuja kwa wingi. Mimi nilifurahi. Miongoni mwao yuko mama mmoja anayefua na kupiga pasi nguo za watu, mtaa mzima tunamwita Dobi. Sauti yake inakwaruza na hajui kuzungukazunguka. Alhamisi moja akasimama akasema mtaro umeziba tangu Mzee Saruji ajenge ghala jipya juu yake, na maji machafu yanarudi mpaka kwenye vyumba vyao. Hakutukana mtu. Alisema kama anayesoma orodha ya nguo za mteja.

Mzee Saruji, unamjua, hakai viti vya nyuma. Akainuka na vumbi lake la dukani mabegani, akasema, "Naomba kuuliza. Hili baraza ni la wenye mtaa au la wapita njia? Huyu mama hata mwaka hajamaliza hapa." Watu wakapiga makofi, Mjomba. Watu wale wale uliowafundisha kunyoosha mkono. Dobi akabaki amesimama mpaka makofi yakaisha, akasema, "Sijamaliza." Makofi yakaanza upya.

Baada ya kikao Mzee Saruji akanifuata. "Mwanangu, ukumbi huu ni wangu na nimewaachia bure miaka tisa. Sitaki kusimangwa juu ya viti vyangu mwenyewe. Waambie wale watu wapunguze maneno, au mtafute kwingine." Na kwingine ni wapi, Mjomba? Unaujua mtaa huu, hata kivuli kina mwenyewe.

Njoo. Alhamisi moja tu. Ukae pale mbele, ukohoe.

Mpwa wako,
Sindano


27 Februari

Sindano, mwana wa dada yangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Uzi ulikuwamo, mwekundu, nimeuzungushia kwenye kalamu. Mwambie dada yangu avae soksi nzito na aache kupanda ngazi kuchungulia ya jirani. Magoti hayana kosa.

Mimi sijambo. Nakarabati viti vya watu kibarazani kwa binti yangu. Kiti nakipenda kwa sababu kikivunjika kinakuonyesha palipovunjika. Wajukuu wananizunguka kutwa nzima na makelele yao, nao hawanisumbui hata kidogo. Binti yangu anashangaa uvumilivu nimeutoa wapi uzeeni.

Kuja siwezi kwa sasa. Mgongo. Halafu kuna viti vya kanisa na vya shule, watu wanavingoja. Simu usijisumbue nayo, mtandao wa huku hauna adabu. Wewe andika, mimi nasoma.

Sasa sikiliza. Baraza lilianza na watu kumi na mmoja waliokuwa wakigombana juu ya taa moja ya njiani, kila mmoja anataka imulike kwake. Mimi nilikuwa nimetoka kazini kiwandani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, nikawaambia, kaeni chini, kila mtu aseme mpaka amalize. Hakuna zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo katiba yote. Aliyehamia jana na aliyezaliwa hapa wote wanakanyaga tope lile lile. Baraza si harusi, halina kadi za mwaliko. Usimtoe mtu, na usimpe mtu kiti cha pili. Ukishampa mtu kiti cha pili umeshamtoa, ila miguu yake haijajua.

Saruji msemeshe kwa upole. Si mtu mbaya. Ukumbi alitoa kwa moyo.

Akina mama wote wasalimie.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Mama amevaa soksi, za baba watoto, bila kuomba, na sasa nyumbani kuna kesi.

Nakuandikia kwa furaha kidogo, kwani nadhani nimepata njia ya kati. Nimefuata neno lako la upole. Tumekubaliana hivi: wenye nyumba wataongea kwanza, halafu wapangaji wataandika mambo yao kwenye karatasi na kuzitia kwenye mkebe niliouweka mlangoni, mimi nizisome mwishoni. Kwa hiyo hakuna aliyetolewa. Kila mtu ana njia yake. Mzee Saruji ameridhika, hata ameongeza mabenchi mawili. Alhamisi iliyopita tulikuwa thelathini na mmoja na hakuna aliyepaza sauti. Mjomba, sikumbuki lini mara ya mwisho nilirudi nyumbani kutoka Barazani bila kichwa kuniuma.

Wapangaji Alhamisi ya kwanza walikuja wote, wakakaa nyuma. Ya pili wakaja nusu. Ya tatu alikuja Dobi peke yake, akatia karatasi mkebeni, akasimama kidogo kutazama, akaondoka. Wengine nao hawaji, ila karatasi zinakuja. Nazo tutazisoma, nafasi ikipatikana. Shida ni muda. Ukumbi unafungwa saa kumi na mbili kamili na wenye nyumba wana mengi.

Kuna kundi la simu pia, limeanzishwa na kijana wa duka la Mzee Saruji. Humo watu wanajadiliana kutwa. Wapangaji hawajaingizwa bado, wanasema kwanza wahakikishe namba zao.

Nilidhani ungefurahi. Nijibu upesi.

Sindano


4 Aprili

Sindano,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Karatasi ziko ngapi? Umesoma ngapi mbele ya watu? Nijibu hilo kwanza. Soksi za mumeo tutakuja kuzizungumza.

Mjomba


9 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Nilikuwa na sare za shule za kushona, mashati arobaini, na cherehani ikakatika mkanda katikati ya shati la kumi na tisa, ikabidi nisubiri. Mama anaendelea. Mvua mwaka huu ni kubwa, magoti yake yalisema kweli, na amejipongeza mpaka tumechoka. Mdogo jino limeota, kubwa kuliko uso. Baba watoto anasema matairi ya mvua yana kinyongo zaidi. Jirani aliyekuwa akikuletea magazeti ya zamani anakusalimia, anasema hakuna tena wa kubishana naye.

Huku nyuma kuna ukuta umeanguka kwa sababu ya mvua. Dobi alikuwa karibu nao, yuko hospitali, anaendelea vizuri. Kuhusu karatasi tutaongea.

Nina swali, na usilichukulie vibaya. Watu walipoanza kusema mtaro ndio ulioangusha ukuta, Mzee Saruji alikwenda nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa mwandishi wako, akachukua daftari la Baraza, akalifungua mbele ya duka lake. Kuna ukurasa wa miezi mitatu kabla hujaondoka. Umeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: "Mjumbe Saruji ameomba Baraza limruhusu kujenga ghala juu ya mtaro, na wakazi wasimdai baadaye. Mwenyekiti amesema: tunashukuru, na iwe hivyo." Kila anayepita anaonyeshwa. Mimi wiki ile nilikuwa na homa, sikuwapo. Waliokuwapo wanasema walishangaa, lakini ulivyoitikia kwa kichwa, kwa utulivu, walidhani umeshapima.

Ni kweli, Mjomba? Kama ulikuwa na sababu niambie niwaeleze. Nimepiga simu tena. Uko nje.

Sindano


2 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Binti yangu ananiona nainamia kiti kimoja tangu wiki iliyopita, hajaniuliza. Anajua kuniuliza ni kazi.

Nitakwambia, na ukimaliza kusoma umsomee mama yako, maana yeye nilimdanganya zaidi ya wote.

Sisikii. Sisemi nasikia kidogo. Sisikii. Miaka thelathini nimesimama karibu na msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao, pamba masikioni, wakati mwingine hata pamba haikuwepo. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata kama mbuzi anavyomfuata mwenzake. Simu yako ninaiona ikitetemeka juu ya meza. Naitazama mpaka inyamaze. Binti yangu akipokea, namwonyesha kwa mkono: niko nje.

Mwaka wangu wa mwisho pale mbele nilikuwa nasoma nyuso. Mtu akikunja ndita nasema, "Tuvumiliane." Watu wakicheka, nacheka. Mikono ikiwa mingi juu, nasema, "Basi tumekubaliana." Nanyi mkanisifu kwamba siku hizi Mwenyekiti anaongea machache, busara imekomaa. Ningefanyaje, nisimame niseme, jamani, mimi niliyewaambia kila mtu asikilizwe mpaka amalize, sijasikia hata neno tangu mwaka jana? Nilikuwa najua siku moja mtu ataniuliza jambo la msiba na mimi nitajibu la arusi, na ukumbi mzima utacheka. Kila Alhamisi nilirudi nyumbani shati limelowa jasho. Ndipo nikawaambia nimepata kazi huku. Hakuna kazi. Viti hivi ni vya majirani.

Siku ile Saruji alisimama akasoma kutoka kwenye karatasi, kichwa chini. Midomo sikuiona. Alipomaliza alitabasamu. Tulikuwa tumetoka kuzungumzia mabati ya ukumbi aliyotubadilishia, nikadhani bado anaongea ya mabati. Nikasema tunashukuru, na iwe hivyo. Yeye hakunidanganya. Aliniomba, nikampa. Nilimpa mtaro wa watu kwa tabasamu.

Umeandika Dobi alikuwa "karibu" na ukuta. Karibu kiasi gani? Na karatasi?

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba,

Nimemsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana nilipomwita siku ya kuondoka hakugeuka. Nikadhani amenikasirikia." Akaingia ndani akafunga mlango. Jioni akatoka akaniambia nikuandikie kwamba wewe ni mjinga, na kwamba uvae vizuri, huko kwenu anasikia kuna baridi.

Sasa yangu.

Karatasi zilikuwa thelathini na saba. Nilizosoma Barazani ni nne, nazo nilichagua zile za mbwa na za taka. Za Dobi zilikuwa tatu. Anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Ya kwanza: "Ukuta wangu wa nyuma unatoka jasho. Naomba Baraza lije kuangalia." Ya pili: "Ukuta una ufa. Kidole kinaingia." Ya tatu imeandikwa neno moja tu, katikati ya karatasi: "Jamani."

Nilikwambia shida ni muda. Si kweli. Ile ya kwanza niliisoma nyumbani jioni ile ile. Nikaelewa. Nikamwona akilini Mzee Saruji amekaa kiti cha mbele, nikayaona yale mabenchi mawili mapya, nikaona watu thelathini na mmoja wametulia. Nikaikunja. Ya pili nilipoifungua nikasema nitamwendea Dobi kimya kimya, nimwambie ahame chumba. Nikashona mashati. Ya tatu sikujua nimjibu nini.

Ukuta ulianguka Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka. Alikuwa anapiga pasi. Maji yalikuwa yamesimama upande wa pili wa ukuta wiki nzima, urefu wa kiuno, hayana pa kwenda. Ulimwangukia mkono wa kulia. Wamemkata vidole viwili, na vitatu vilivyobaki havikunjiki. Daktari anasema labda, halafu anatazama dirishani. Mtu anayeishi kwa mikono yake, Mjomba.

Nimekwenda hospitali mara nne. Mara tatu nimefika getini nikarudi, ya nne nikaishia kwa daktari, wodini sikuingia.

Nafikiri mimi na wewe ni viziwi wawili. Tumewaulia watu Baraza lao, mmoja kwa masikio, mwingine kwa macho.

Naomba jambo moja. Njoo useme mbele ya watu kwamba siku ile hukusikia. Ukisema wewe, ruhusa ya Mzee Saruji itaanguka, na mtaro utafunguliwa kabla ya mvua nyingine. Mimi nikisema wataona namtetea mjomba wangu.

Sindano


30 Juni

Sindano,

Nimepokea. Mwambie dada yangu koti ninalo.

Umesema sisi wawili ni viziwi. Usirudie. Mimi naujua uziwi, nalala nao na kuamka nao. Wewe ulisoma, ukaelewa, ukakunja karatasi. Nakupenda, nilikubeba mgongoni wewe, lakini sitakuazima ugonjwa wangu ujifunike. Nenda hospitali, uingie mpaka ndani.

Kuja siwezi. Usiniite mwoga, nimeshajiita. Nitasimama mbele ya ukumbi, watu waniulize, nami nitazame midomo yao ikienda kama ya samaki? Nitajibu nini? Nikija nitawaongezea kosa jingine. Nimeandika karatasi, iko ndani ya bahasha hii. Isome kama ilivyo, usipunguze.

"Mimi niliyekuwa mwenyekiti nasema kwamba siku ombi la mtaro lilipoletwa sikulisikia, kwa kuwa nilikuwa sisikii kitu chochote, na nilikuwa nimewaficha. Jibu langu lilikuwa la kukisia. Naomba lisihesabiwe kuwa ni neno la Baraza. Nawaomba radhi wote, na kwanza mama aliyeumia, ambaye hanijui."

Mjomba


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimia. Wote wazima.

Niliingia mpaka ndani. Dobi alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa, anatazama wauguzi wanavyokunja mashuka, naona moyoni anawasahihisha. Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Sikukudhania ubaya. Nilidhani labda mwandiko wangu hausomeki." Nikamwambia unasomeka. Akasema, "Basi."

Karatasi yako niliisoma Alhamisi ya tarehe kumi na moja. Tulikuwa watu kumi na wanne. Sikupunguza neno, hata lile la mwisho, "hanijui". Nilipomaliza nikadhani imewaingia. Na iliwaingia, Mjomba, lakini si kama tulivyotaka.

Mzee Saruji alisimama. Hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo. Alisema, "Mzee wetu namwonea huruma, Mungu amsaidie. Lakini mimi niliuliza, nikajibiwa, nikajenga. Sasa kama alikuwa hasikii mwaka mzima, tuambiane: ni lipi lingine lihesabiwe? Kile kivuko cha watoto wa shule aliamua mwaka ule ule. Mpaka wa kiwanja cha mama muuza mkaa na jirani yake aliamua yeye. Tufute vyote, au tufute langu peke yangu kwa sababu nina duka?"

Hapo hapo jirani wa mama muuza mkaa akaruka, "Ndiyo! Ule mpaka mimi sikuridhika tangu mwanzo!" Mama muuza mkaa akavua kiatu. Yule mwalimu mwandishi akasema yeye aliandika alichosikia na asiingizwe. Mtu mwingine akasema kumbe miaka yote tulikuwa tunacheza mchezo wa kuigiza. Nilipiga meza mpaka kiganja kikavimba. Nikasema kila mtu aseme mpaka amalize, na kila mtu akasema, wote kwa mpigo.

Wiki iliyofuata nikakuta kufuli jipya mlangoni. Mzee Saruji alinijia mwenyewe akaniambia ukumbi anauhitaji kuhifadhia mbao, na kwamba hana ubaya na mtu. Akanipa lile daftari. "Litunze wewe," akasema. Mtaro uko vile vile.

Sijui nifanye nini. Niliamini ukisema kweli itasaidia.

Sindano


18 Agosti

Mpwa wangu,

Nimeandika majibu matatu nikayachana. Mimi mzima. Viti nimeacha kwa muda.

Sina la kukushauri. Zamani ningekuwa nalo, na huenda lingekuwa la kukisia.

Ukikaa na mtu, hata mmoja, niambie alichosema. Yote, kama alivyosema.

Mjomba


12 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amepata fimbo, ya mwanzi, na anaitumia zaidi kunyooshea watu kidole kuliko kutembelea. Baba watoto anasema fimbo nayo ina kinyongo. Watoto wamefungua shule. Nimeshona gauni la bibi arusi wiki hii, la kwanza tangu Aprili.

Umeniambia nikuandikie watu walichosema, kama walivyosema. Basi.

Dobi ameondoka. Amekwenda kwa dada yake, mji wa mbali, kuona kama atapata kazi ya kukaa. Nilimsaidia kufunga mizigo. Pasi yake nzito alinipa nimpe mpangaji mwenzake. Tulipomaliza akasema, "Zile karatasi zangu unazo?"

"Ninazo."

"Nirudishie."

Nilikuwa nimezibandika kwenye daftari la Baraza, ili zibaki. Nikamwambia hivyo, nikamwambia ni kumbukumbu ya mtaa. Akasema, "Ni zangu. Niliwaandikia watu wasome. Hawakusoma, basi ni zangu." Nikazibandua. Moja ilichanika pembeni. Akazikunja kwa mkono wa kushoto, polepole, akazitia kwenye mfuko wa gauni. Nilitaka kumwomba radhi tena, akaniwahi: "Usinililie, nina safari." Gari lilipoondoka hakutazama nyuma, na sioni kwa nini angetazama.

Kundi la simu linaendelea. Humo wanauza sofa na kutumiana maua asubuhi.

Alhamisi nimekuwa nikikaa nje ya ukumbi, ukutani, upande wa kivuli. Sikumwita mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa peke yangu na gauni la watu mapajani. Wiki ya pili akaja mama muuza mkaa kunilalamikia mpaka, nikamsikiliza mpaka akamaliza, ilichukua saa nzima. Alhamisi hii tulikuwa sita: yeye, baba watoto, mwalimu, wapangaji wawili wa nyuma, na mimi. Hatukuwa na ajenda. Tulikuwa tumekaa juu ya matofali tu.

Akaja mtu wa saba, mwanamume wa makamo, kinyozi, ana siku tano tu mtaani. Akauliza kama hapa ndipo watu huuliza mambo. Mwalimu akanitazama mimi. Nikasema ndipo.

Akasema amepanga chumba kule nyuma, kizuri, kina ukuta mpya, mwenye nyumba amempa kwa bei nafuu hata akashangaa. Ila tangu mvua ya juzi anaona ukuta una unyevu kwa chini. "Nikauliza majirani, kila mtu anasema muulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema ni rangi haijakauka. Huo mtaro hapo nyuma maji yake yanakwenda wapi?"

Watu sita tukatazama viatu vyetu.

Nikamwambia akae. Nikamweleza tangu mwanzo. Ombi, na jibu, na ghala. Nilikutaja wewe, Mjomba, na uziwi wako, na jinsi ulivyouficha. Nikajitaja mimi na mkebe. Nilimwambia karatasi tatu zilikuwa zinasemaje, neno kwa neno, na neno la mwisho mama muuza mkaa akalisema badala yangu. Nikamwambia tumekwenda ofisi ya mtaa mara mbili na tumejibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Nikamwambia ukweli kwamba sisi hapa hatuna uwezo wa kulibomoa ghala la mtu, na mvua kubwa imebakiza wiki tatu.

Alisikiliza vizuri, kama anayengoja zamu. Hakukasirika. Akauliza:

"Sasa kitanda changu nikiweke upande gani?"

Baba watoto akainuka, akajipangusa suruali, akasema twende tukione. Tukaenda wote saba. Chumba ni kidogo, watu saba hatukuenea, wengine walisimama nje wakawa wanaelekeza kupitia dirishani. Tukakitoa kitanda ukutani, tukakisogeza mpaka mlangoni. Sasa mlango haufunguki wote, anapita kwa ubavu.

Alitushukuru sana.

Mpwa wako,
Sindano